Kitufe, Menyu au Kibodi: Ulinganisho wa Njia za Kutoa Amri na Namna ya Kusoma Kielekezi

Mtu anayetaka kukoza neno katika programu ya kuandikia ana njia nne au tano za kufanya hivyo, na zote humfikisha mahali pamoja. Anaweza kubofya kitufe chenye herufi nzito kwenye upau wa zana, anaweza kufungua menyu na kuteremka hadi kwenye amri yenyewe, anaweza kubofya kulia juu ya neno hilo ili menyu fupi ijitokeze papo hapo, anaweza kushikilia Ctrl na kubonyeza B, na katika programu nyingi za miaka ya karibuni anaweza hata kuandika jina la amri katika kisanduku cha kutafutia. Wanaofundisha kompyuta kwa kawaida huonyesha njia moja tu, ile waliyoizoea wao, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba nyingine ni za mapambo au ni za mafundi peke yao. Makala haya yanaziweka njia hizo ubavu kwa ubavu ili msomaji ajue ipi imfae kwa kazi ipi. Kwa kuwa kubofya kitufe mara nyingi hubadilisha umbo la kielekezi, kielekezi nacho kitapewa nafasi kubwa, maana ndicho kinachosahauliwa zaidi ingawa ndicho kinachotangaza, kabla hujabofya, jambo litakalotokea ukibofya.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Nitaita kitufe kile kilichochorwa kwenye skrini, na kibonye kile kilicho kwenye kibodi. Kielekezi ni alama inayotembea pamoja na kipanya. Kasa ni kile kijistari kinachopepesa ndani ya maandishi kuonyesha mahali ambapo herufi inayofuata itaangukia. Viwili hivi si kitu kimoja, na kuvichanganya ndiko chanzo cha kosa la kwanza la kila anayeanza: hupeleka kielekezi kwenye aya anayotaka kuisahihisha, huanza kuandika bila kubofya, kisha hushangaa maneno yake yanatokea aya tatu juu, mahali ambapo kasa alikuwa amebaki.

Vitufe vya amri na vitufe vya zana

Kabla ya kulinganisha kitufe na menyu au kibodi, ni lazima kutenganisha aina mbili za vitufe ambavyo kwa macho vinafanana kabisa. Kitufe cha amri hufanya jambo lake mara moja na kumaliza: kuhifadhi faili, kuchapisha, kutendua kosa, kupanga aya upande wa kulia. Kitufe cha zana hakifanyi lolote kinapobofywa, bali hubadilisha maana ya mbofyo utakaofuata. Ukichagua brashi katika GIMP, programu ya kuhariri picha, picha haijabadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa mguso wa kipanya juu ya picha utapaka rangi, ilhali dakika moja iliyopita mguso huo huo ungechagua eneo au ungesogeza tabaka.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kitufe cha amri ukikikosea unaona kosa hapo hapo na unalitendua, lakini kitufe cha zana ukikisahau unaendelea kufanya kazi huku programu ikielewa kila tendo lako kwa maana usiyoikusudia. Watu waliobuni programu za madirisha walilijua tatizo hili mapema. Katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, miaka ya 1970, kulikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo, ambayo kila herufi ya kibodi ilikuwa amri iwapo mtumiaji hakuwa katika hali ya kuingiza maandishi. Kunasimuliwa kisa cha mtu aliyeandika neno la Kiingereza “edit” akidhani anaandika: herufi ya kwanza ikachagua waraka wote, ya pili ikaufuta, ya tatu ikaanza kuingiza maandishi, na ya nne ikaandikwa, hata waraka mzima ukabaki herufi moja. Larry Tesler, aliyefanya kazi katika kituo hicho na ambaye mchango wake katika kukata, kunakili na kubandika tunautumia kila siku, alipinga hali za namna hiyo maisha yake yote, kiasi cha kuandika kwenye kibao cha gari lake maneno ya kuzikataa.

Programu za kuandikia zilimsikiliza kwa kiasi kikubwa. Programu za kuchora hazikuweza, kwa kuwa kipanya ni kimoja na kazi zake ni nyingi. Ndiyo maana GIMP, Inkscape, Krita, Photoshop na Blender zote zina safu ya zana, na ndiyo maana katika programu hizo kielekezi hubadilika umbo. Umbo hilo ndilo shahidi wa hali uliyomo. Msomaji akikumbuka tofauti hii peke yake, nusu ya uamuzi wa kuchagua njia itakuwa imekwisha, maana kwa vitufe vya amri swali ni kasi na kumbukumbu, na kwa vitufe vya zana swali ni usalama.

Kitufe dhidi ya menyu

Tuanze na amri za mara moja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda ambao mkono hutumia kuifikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha na upana wake, na kwamba kuiweka mbali mara mbili huongeza ugumu sawasawa na kuupunguza upana wake kwa nusu. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kipanya, lakini inakihusu moja kwa moja. Kitufe kidogo kilichobanwa kati ya vitufe vingine ishirini, kwenye pembe ya skrini iliyo mbali na mahali unapofanyia kazi, ni ghali kukifikia hata kama kinaonekana muda wote.

Kwa hiyo kitufe hakiishindi menyu kwa kasi kama watu wengi wanavyodhani. Kinaishinda kwa sababu kinahitaji mbofyo mmoja badala ya miwili au mitatu, na kwa sababu kinaonyesha hali: kitufe cha kukoza kilichodidimia kinakwambia kwamba neno alipo kasa limekozwa tayari, taarifa ambayo menyu haitoi mpaka ifunguliwe. Menyu nayo inakishinda kitufe kwa maneno. Amri ndani ya menyu imeandikwa kwa jina lake kamili, imepangwa pamoja na ndugu zake, na mara nyingi imeandikiwa pembeni njia yake ya mkato ya kibodi. Anayeijua kazi anayotaka lakini hajui programu imeiweka wapi atafika upesi zaidi kwa kusoma menyu tatu kuliko kwa kukisia maana ya vijipicha hamsini. Katika macOS menyu ina faida nyingine ya ziada: imekaa kwenye ukingo wa juu kabisa wa skrini, na kwa kuwa kielekezi hakiwezi kuvuka ukingo, unaweza kukirusha juu bila kulenga kwa makini na bado kikatua palipotakiwa.

Ushauri wangu kwa sehemu hii ni mfupi. Amri unayoitumia mara chache kwa mwezi iache kwenye menyu, wala usiitafutie kitufe. Amri unayoitumia mara kadhaa kwa siku iwe na kitufe, na kitufe hicho kiwe karibu na kazi yako na kiwe kikubwa kadiri programu inavyoruhusu. Kwa kulinganisha, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2 uliotolewa Oktoba 2023, unataja pikseli 24 kwa 24 kuwa kiwango cha chini cha shabaha ya kubofya, na 44 kwa 44 katika daraja lake la juu. Programu nyingi za kompyuta zina mpangilio wa kukuza vijipicha vya upau, na ni vyema kuutumia badala ya kuvumilia vijipicha vidogo kwa sababu tu ndivyo vilivyokuja.

Swali la vijipicha vitupu au vijipicha vyenye maandishi halihitaji mjadala mrefu. Kijipicha cha diski ya zamani bado kinamaanisha kuhifadhi hata kwa vijana ambao hawajawahi kuishika diski hiyo, lakini vijipicha vingi havina bahati hiyo. Kama programu inaruhusu kuonyesha jina chini ya kijipicha, anayeanza aruhusu, na ayaondoe majina atakapoona hayasomi tena. Programu isiporuhusu, atulize kielekezi juu ya kitufe bila kubofya mpaka kidokezo kitokee. Kidokezo hicho mara nyingi hutaja jina na njia ya mkato pamoja.

Kitufe dhidi ya kibodi

Hapa ndipo ushabiki huwa mkubwa. Wapo wanaosema kwamba mtumiaji hodari hagusi kipanya, na wapo wanaoona njia za mkato kuwa mzigo wa kukariri usio na faida. Wote wawili wanasahau kuuliza mkono uko wapi. Anayeandika barua ndefu ana mikono miwili kwenye kibodi. Kila anapokwenda kwenye kipanya kubofya kitufe cha kukoza, analipa safari ya kwenda, muda wa kulenga, na safari ya kurudi. Kwake Ctrl+B ni nafuu ya kweli. Anayepanga picha kwenye ukurasa ana mkono mmoja kwenye kipanya tayari, na kumtaka auondoe ili kubonyeza vibonye vilivyo upande wa kulia wa kibodi ni kumpa hasara. Njia za mkato zilizokusudiwa kutumiwa pamoja na kipanya zilipangwa kwa kuzingatia hilo: Z, X, C na V, ambazo pamoja na Ctrl hutendua, hukata, hunakili na hubandika, zinapakana upande wa kushoto wa kibodi ya kawaida, mahali ambapo mkono wa kushoto unazifikia bila wa kulia kuondoka kwenye kipanya.

Kasoro ya kibodi ni kwamba haionekani na haifanani kila mahali. Ctrl+D katika Word hufungua dirisha la fonti, katika Excel hujaza seli za chini kwa yaliyomo kwenye seli ya juu, katika Inkscape hutengeneza nakala ya umbo lililochaguliwa, na katika GIMP hutengeneza nakala ya picha nzima. Kurudisha ulichotendua ni Ctrl+Y katika Word na GIMP, lakini ni Ctrl+Shift+Z katika Krita na Blender. Mtu anayehama kati ya programu nne kwa siku moja ana haki ya kuamini vitufe kuliko vidole vyake. Mtu anayekaa ndani ya programu moja kuanzia asubuhi hadi jioni hana kisingizio hicho, na namshauri ajifunze njia ya mkato moja kila wiki, akianza na ile ya kitufe ambacho kidole chake kimekibofya zaidi.

Ipo njia ya tatu ambayo haijulikani inavyostahili, nayo ni kutafuta amri kwa jina. Katika LibreOffice, mkusanyiko huria wa programu za ofisi, tangu toleo la 7.2 la mwaka 2021 bonyeza Shift+Esc. Katika programu za Microsoft Office bonyeza Alt+Q. Katika GIMP bonyeza kibonye cha mkwaju (/). Katika Blender bonyeza F3. Katika macOS fungua menyu ya msaada, andika jina, na mfumo utakuonyesha kwa mshale amri hiyo imekaa menyu gani. Njia hii inaunganisha faida ya menyu, ambayo ni maneno, na faida ya kibodi, ambayo ni kutoondoa mikono. Udhaifu wake ni kwamba lazima ulijue jina, na kwa lugha ambayo programu imewekwa. Kwa amri adimu ambazo unazijua lakini hukumbuki zilipo, sioni njia inayoishinda.

Menyu ya kubofya kulia inastahili neno moja tu: inakuja mahali kielekezi kilipo, kwa hiyo umbali wake ni karibu na sifuri, na inaonyesha yale yanayohusu kitu ulichokibofya. Itumie unapokuwa huna hakika kitu fulani kinaruhusu kufanyiwa nini.

Upau wa jadi au utepe

Microsoft ilipotoa Office 2007 iliondoa menyu na pau za zana katika Word, Excel na PowerPoint, ikaweka utepe, yaani upau mpana wa vitufe uliogawanywa katika kurasa zinazofunguliwa kwa vichupo vilivyo juu yake. Mabishano yaliyofuata hayajaisha, na LibreOffice ilichagua kutoyamaliza: tangu toleo la 6.2 la mwaka 2019 mtumiaji anaweza kuingia katika menyu ya kutazama na kuchagua kati ya pau za jadi, upau mmoja, upau wa pembeni, au vichupo vinavyofanana na utepe. Kwa hiyo uchaguzi huu upo kweli, si wa nadharia.

Utepe una vitufe vikubwa, vingi vikiwa na majina, na una vichupo vinavyojitokeza vyenyewe unapochagua jedwali au picha. Kwa anayeanza hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu programu inamletea zana za jedwali wakati ameshika jedwali. Lakini jambo hilo hilo humchanganya anayefuata maelekezo yaliyoandikwa, kwani anaambiwa abofye kichupo ambacho kwake hakipo, na hakuna aliyemweleza kwamba achague jedwali kwanza. Utepe pia unakula kimo cha skrini. Kwenye kompyuta ndogo yenye pikseli 768 za wima, sehemu hiyo ni mistari kadhaa ya maandishi isiyoonekana. Dawa yake katika Office ni Ctrl+F1, ambayo huukunja utepe na kuacha majina ya vichupo peke yake, na upau mdogo wa ufikiaji wa haraka unaoweza kujazwa amri zako kumi za kila siku. Ukibonyeza Alt, herufi hutokea juu ya kila kichupo na kitufe, hivyo hata utepe unaweza kutembelewa kwa kibodi bila kukariri kitu.

Pau za jadi hazibadiliki mahali. Kitufe kilichokuwa cha saba kutoka kushoto jana kitakuwa cha saba leo, na mkono hujifunza mahali upesi zaidi kuliko jicho linavyojifunza picha. Kwa mtu anayefanya kazi ile ile kila siku, kwa mfano kuingiza taarifa au kusahihisha nyaraka, ninapendelea pau za jadi bila kusita. Kwa mtu anayefungua programu mara moja kwa wiki, na kila mara kwa kazi tofauti, utepe utamtumikia vizuri zaidi. Kwa skrini pana isiyo na kimo kirefu, upau wa pembeni ni bora kuliko yote mawili, kwa sababu nafasi inayochukua ni ile ambayo ukurasa haukuwa ukiitumia.

Kuchagua zana: kubofya, kufunga au kushikilia

Tukirudi kwenye vitufe vya zana, njia za kuvitumia ni tatu, nazo zinatofautiana kwa muda ambao zana inakaa mkononi.

Ya kwanza ni kubofya mara moja. Katika programu za kuandikia, zana iliyobofywa mara moja hufanya kazi mara moja kisha hujirudisha. Kitufe cha kunakili mtindo wa maandishi, kile chenye brashi katika Word, hupaka mtindo kwenye sehemu moja na kuacha. Katika programu za kuchora, mbofyo huo mmoja huishikilia zana mpaka uchague nyingine, na wanaohama kutoka aina moja ya programu kwenda nyingine huumia hapo.

Ya pili ni kubofya mara mbili ili zana ifungwe. Kitufe kile kile cha brashi, katika Word na LibreOffice, kikibofywa mara mbili hubaki kimewashwa, nawe unaweza kupaka mtindo kwenye vichwa ishirini mfululizo, kisha ukabonyeza Esc kumaliza. Ni jambo dogo linaloweza kuokoa nusu saa, na nimewaona watu wenye uzoefu wa miaka wakirudi kwenye kitufe hicho mara ishirini kwa vichwa ishirini.

Ya tatu ni kushikilia kibonye. Katika Photoshop, GIMP na Krita, ukishikilia kibonye cha nafasi unapata zana ya kusogeza turubai kwa muda ule tu unaoshikilia. Ukikiachia, zana yako ya awali inarudi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia salama kuliko zote, kwa sababu misuli ya kidole inakukumbusha hali uliyomo: huwezi kusahau kitu ambacho unakibana wakati huo huo. Popote programu inapotoa njia hii kwa zana ya muda mfupi kama kusogeza, kukuza au kudonoa rangi, ichague badala ya kitufe, na ubaki na vitufe kwa zana utakazokaa nazo.

Wale wanaoanza na GIMP watambue jambo moja la ziada. Tangu toleo la 2.10.18 la mwaka 2020, zana zinazofanana hukaa nyuma ya kitufe kimoja, nawe hubonyeza na kushikilia ili kuziona nyingine. Upau unakuwa mfupi, lakini zana inajificha. Ukiwa na skrini kubwa, ingia kwenye mapendeleo na uondoe makundi hayo ili kila zana ionekane. Ukiwa na skrini ndogo, yaache na ujifunze herufi za zana zako tano za kila siku.

Kusoma kielekezi

Kielekezi kina nukta moja tu inayobofya. Kwa mshale ni ncha yake, kwa msalaba ni makutano ya mistari. Mengine yote ni mchoro. Anayekosa vitufe vidogo mara kwa mara mara nyingi analenga kwa tumbo la mshale badala ya ncha.

Hakuna mahali ambapo umbo la kielekezi lina uzito kama kwenye jedwali la hesabu la Excel, ambako seli moja ina maana tatu kulingana na sehemu unayoigusa. Kielekezi kikiwa katikati ya seli huwa msalaba mnene mweupe, na kuburuta hapo huchagua seli. Kikifika kwenye mpaka wa seli iliyochaguliwa huwa mishale minne, na kuburuta hapo huhamisha yaliyomo. Kikifika kwenye kijimraba cha pembe ya chini kulia huwa msalaba mwembamba mweusi, na kuburuta hapo hujaza seli zinazofuata. Umbali kati ya kuchagua safu ya takwimu na kuihamisha juu ya takwimu nyingine ni pikseli chache, na kinachozitenganisha ni umbo hilo tu. Hata mbofyo maradufu hutofautiana: kwenye kijimraba hujaza safu hadi mwisho wa data iliyo jirani, kwenye mpaka hukurusha hadi ukingo wa data. Kwa hiyo anayefanya kazi na takwimu zisizo na nakala nyingine, na ambaye macho yake au mkono wake hauna utulivu, asiburute. Achague kwa kibodi, akishikilia Shift na kutumia vibonye vya mishale, kisha akate na kubandika. Ni polepole, lakini hakuna njia ya kuhamisha kitu bila kukusudia.

Katika maandishi, kielekezi chenye umbo la nguzo nyembamba husema kwamba mbofyo utaweka kasa. Kikiingia pambizo ya kushoto ya Word hugeuka mshale unaoinamia kulia, na hapo mbofyo mmoja huchagua mstari, miwili huchagua aya, na mitatu waraka wote. Kasa naye ana habari zake: katika LibreOffice Writer, ukibonyeza kibonye cha Insert kwa bahati mbaya, kijistari hugeuka kuwa kijimraba, na kila herufi unayoandika huanza kufuta iliyo mbele yake. Anayeona maneno yake yanaliwa aangalie umbo hilo kabla ya kulaumu faili, kisha abonyeze Insert tena.

Kwa wachoraji, uchaguzi ni kati ya mduara unaoonyesha ukubwa wa brashi na msalaba unaoonyesha kitovu chake. Mduara unafaa kupaka maeneo mapana, kwa kuwa unaona ukingo wa rangi utakapofika. Msalaba unafaa kusafisha picha pikseli kwa pikseli, ambako mduara mdogo hupotea machoni. GIMP inaruhusu kuchagua moja au vyote viwili katika mapendeleo. Photoshop hubadilisha kwenda kwenye msalaba mara Caps Lock inapowashwa, na wengi wamedhani programu imeharibika kumbe kibonye hicho kimewaka. Mimi ningechagua mduara uwe wa kawaida na msalaba uwe wa kuitwa kwa haja.

Alama za kusubiri nazo si moja. Macintosh ya mwaka 1984 ilionyesha saa ya mkononi iliyochorwa na Susan Kare, Windows ilikuwa na kioo cha mchanga hadi Vista ilipoleta duara. Katika Windows duara pekee linasema programu haipokei mbofyo, lakini mshale wenye duara dogo pembeni unasema kazi inaendelea nyuma na wewe unaweza kuendelea. Asiyezitofautisha ama husubiri bure, ama hubofya mara kumi, na mibofyo yote kumi ikaja kutekelezwa mfululizo programu inapozinduka.

Kuhusu ukubwa, kielekezi cha kawaida kiliwekwa kwa skrini zilizokuwa na pikseli chache. Windows inaruhusu kukikuza na kukipa rangi, ina mpangilio wa kuzungushia miduara mahali kilipo ukibonyeza Ctrl, na tangu mwaka 2020 ina alama ya rangi kwa ajili ya kasa. macOS hukivimbisha ukikitikisa. Kielekezi kikubwa hufunika kitufe kidogo, kwa hiyo ukikuza kimoja kuza na kingine. Kwa kazi ya kuandika na kusoma chukua kikubwa. Kwa kazi ya kuchora chukua cha kawaida na uwashe mpangilio wa kukitafuta.

Mwenye skrini ya kugusa ana hesabu tofauti. Kidole hakielei juu ya kitufe, kwa hiyo vidokezo vya majina havitokei, na umbo la kielekezi halipo kabisa kumwonya. Kwake upau wenye majina yaliyoandikwa na vitufe vikubwa ni lazima, na jedwali la hesabu lenye seli za maana tatu ni bora alifungue mahali penye kipanya.

Na kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa kwa akaunti moja, mpangilio wowote wa vitufe unaomfaa mmoja unampotezea mwingine alichokizoea. Hapo acha pau kama zilivyokuja, tegemea njia za mkato na utafutaji wa amri, ambazo hazihamishi kitu cha mtu, na kama mfumo unaruhusu fungua akaunti yako mwenyewe kabla ya kuanza kupanga upya.